Sista Mwenye Nyota

Vitambaa vilikuwa 20. Nilivihesabu mwenyewe kabla kisu hakijagusa ngozi, vitano vitano kama vinavyofungwa, nikaandika ubaoni. Wakati wa kufunga tumbo nikahesabu tena: 19. Nikapekua ndoo, nikainua mashuka, nikatazama chini ya meza na chini ya viatu vya watu. Bado 19.

Nikasema, "Daktari, hesabu haijatimia." Nilisema kwa sauti ya mgeni anayeomba maji. Daktari alikuwa amesimama tangu alfajiri na mama huyu alikuwa wa sita kupasuliwa siku hiyo. Akajibu kwamba ndani hakujabaki kitu, kwamba nimehesabu vibaya, nimpe uzi. Nikampa uzi.

Baada ya siku 11 mama yule akarudi na homa, tumbo limejaa, kidonda kinatoa usaha. Akafunguliwa tena, na kitambaa cha 20 kikatoka. Alipona, na mtoto wake alikuwa salama. Hospitali sitaitaja wala daktari simtaji, kwa kuwa sehemu ya kosa ninayoijua vizuri ni yangu. Kanuni ya thieta haina fumbo: hesabu isipotimia, tumbo halifungwi mpaka kitu kipatikane au picha ya eksirei ioneshe kwamba hakipo ndani. Kanuni hiyo nilikuwa naijua kama ninavyoijua Alhamdu. Nilichokosa ni sauti ya kuisimamia.

Jumamosi iliyofuata nilivuka feri kwenda Likoni kwa shangazi yangu. Alikuwa muuguzi wa jeshi, cheo chake Meja, amebakiza miaka michache kustaafu na wakati huo yuko likizo. Nilimwamkia, akaniitikia, akaona uso wangu, akaweka chai mbele yangu na kungoja. Nikamweleza yote. Hakunipa pole. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ulimwambia au ulimwomba?"

Nikasema nilimwambia.

"Hukumwambia," akasema. "Ungemwambia, angesimama."

Ndipo akaenda chumbani akafungua kasha lake na kutoa picha niliyokuwa nimeiona tangu nikiwa msichana wa shule: mwanamke mweusi wa Kimarekani aliyevaa sare ya jeshi, imekatwa gazetini, kingo zimegeuka rangi ya majani makavu. Utotoni picha ile ilikuwa ikinichanganya. Shangazi enzi zile alikuwa Kapteni, ana nyota tatu begani, na yule mwanamke pichani ana nyota moja tu, kisha naambiwa ndiye mkubwa. Sikujua kwamba katika jeshi la Marekani nyota ni za majenerali peke yao, na ile moja maana yake ni Brigedia Jenerali. Jina lake Hazel Johnson, baadaye Hazel Johnson-Brown. Shangazi hakuwahi kuonana naye. Alimbeba kasha hadi kasha, kambi hadi kambi, kama wengine wanavyobeba picha ya mzazi.

Tangu siku ile nimemfuatilia mwanamke huyu katika kila maandishi niliyoweza kuyapata. Naandika habari zake leo kwa sababu alikuwa muuguzi wa thieta, kama mimi, na kwa sababu maisha yake yananijibu swali la shangazi vizuri kuliko nilivyoweza kulijibu mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1927 huko Pennsylvania, akakulia shambani karibu na Malvern, mmoja wa watoto saba. Alipokuwa na miaka kama 12 hivi alivutiwa na muuguzi wa afya ya jamii aliyekuwa akizunguka kwenye nyumba za watu wa sehemu ile, akaamua kwamba kazi yake ndiyo hiyo. Alipomaliza shule aliomba nafasi katika shule ya uuguzi ya jirani, mjini West Chester, wakamkataa kwa rangi yake. Hawakumficha sababu. Akafunga safari hadi New York mwaka 1947, akaingia shule ya uuguzi ya Hospitali ya Harlem, akahitimu mwaka 1950 na kuanza kazi kwenye chumba cha dharura. Baadaye akahamia Philadelphia, kwenye hospitali ya askari wastaafu, na mwaka 1955 akajiunga na jeshi.

Huo mwaka 1955 si wa kuupita mbio. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi wa rangi jeshini ilitoka Julai 1948, miaka saba tu kabla. Katika vita vya pili vya dunia, mwaka 1941, jeshi la Marekani liliweka kiwango cha wauguzi weusi ambao lingewachukua: 56. Nchi nzima, 56. Wengine kati ya hao wachache walipelekwa kuwauguza mateka wa Kijerumani. Askari wao wenyewe wanakufa kwa uhaba wa wauguzi, na huku kuna wanawake waliosomea kazi, wana vyeti mkononi, wanaambiwa nafasi zimejaa. Mwanamke anayeitwa Mabel Staupers alilipigania jambo hilo kwa miaka mpaka Januari 1945 kiwango kikafutwa. Hazel wakati huo alikuwa na miaka 17. Mlango aliopitia yeye ulikuwa umesukumwa na mabega ya watu asiowajua.

Na hata kwa wauguzi weupe, cheo hakikuja kirahisi. Hapa ndipo shangazi alipokuwa akipandisha sauti. Kikosi cha Wauguzi cha Jeshi la Marekani kiliundwa tarehe 2 Februari 1901, lakini wauguzi wake hawakuwa maafisa wala hawakuwa askari wa kawaida. Walining'inia katikati. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, muuguzi alisimama wadini na majeruhi mia, akamwagiza mhudumu wa kiume afanye jambo, na mhudumu akaweza kumpa mgongo kwa kuwa mwanamke yule hana cheo chochote cha kumfanya asikilizwe. Mgonjwa ndiye aliyelipa. Baada ya vita wauguzi walidai vyeo kwa hoja hiyo hiyo: maagizo ya tiba yasipotiiwa, mtu anakufa. Mwaka 1920 wakapewa kitu cha nusu, kilichoitwa cheo cha ulinganifu. Wavae alama za Luteni hadi Meja, lakini mshahara na haki za afisa kamili wasipate. Vyeo kamili vya muda vilikuja mwaka 1944, vya kudumu mwaka 1947. Na hata hapo sheria iliweka dari, kwamba wanawake wasipande zaidi ya Luteni Kanali, isipokuwa yule mmoja anayeshika ukuu wa kikosi. Dari hiyo iliondolewa mwaka 1967.

Nilipoyasoma haya nilielewa kwa nini shangazi alikereka watu walipomwambia kwamba alipenda makuu. Watu walidhani nyota zile zilikuwa za kutembea nazo kifua mbele. Yeye alikuwa akisema kwamba nyota ni kipaza sauti cha mgonjwa.

Niruhusuni nitoke kidogo Marekani, kwa kuwa mtu wa Mombasa hawezi kuzungumza habari za wauguzi wa jeshi bila kutazama bahari. Tarehe 5 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga hapa kwetu ikielekea Colombo. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa nchi hizi, na pamoja nao wauguzi wanawake kadhaa waliokuwa wakipelekwa kuhudumia majeshi ya mashariki. Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Watu 1,297 walikufa. Wanawake waliokufa ni 77, waliookoka ni 6. Hakuna siku nyingine katika vita vile ambapo majeshi ya Uingereza na Jumuiya ya Madola yalipoteza wanawake wengi namna hiyo kwa mpigo. Mimi nimezaliwa na kulelewa mji huu, nimesoma shule zake, na hakuna mwalimu aliyenitajia meli hiyo. Niliisikia kwa shangazi. Hadi leo nikiwa kwenye feri ya Likoni, macho yangu huenda upande wa Kilindini, nikawafikiria wanawake wale wakipanda ngazi ya meli na masanduku yao, na wapiga mizinga wetu walioshushwa kwenye sehemu za chini, ambako kwa dakika mbili hakuna njia ya kutokea.

Nirudi kwa Hazel.

Alipoingia jeshini alikuwa na diploma ya hospitali na mikono mizuri. Alipangiwa Walter Reed, hospitali kubwa ya jeshi jijini Washington, kisha Japani. Akaona kwamba diploma haitamfikisha anakotaka, akarudi darasani. Digrii ya kwanza Villanova mwaka 1959, ya pili chuo cha ualimu cha Columbia mwaka 1963, ya udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani mwaka 1978, akiwa na miaka 50. Katikati ya shule hizo alifanya kazi thieta na kufundisha wauguzi wa thieta, wakati vita vya Vietnam vinakula watu. Wanafunzi wake walitoka darasani wakapanda ndege.

Hebu fikirini kazi hiyo ya kufundisha. Katika thieta ya kawaida una mgonjwa mmoja, taa, maji ya bomba, vyombo vimechemshwa usiku uliopita. Kwenye hospitali ya vita wanaletwa kumi kwa helikopta moja, miguu haipo, matope na vipande vya nguo vimeingia ndani ya nyama, umeme ni wa jenereta, na hicho chombo ulichokitumia sasa hivi kinahitajika tena baada ya muda mfupi kikiwa safi kabisa. Mwalimu wa thieta anamfundisha binti wa miaka 22 namna ya kutunza usafi wa vyombo mahali ambapo hakuna kilicho safi. Na anamfundisha kuhesabu. Kanuni ya hesabu haina likizo ya vita.

Ukutani Washington, kwenye majina ya waliokufa Vietnam, kuna wauguzi wanawake wanane. Mmoja, Sharon Lane, aliuawa na roketi tarehe 8 Juni 1969 akiwa kazini wadini huko Chu Lai, wadi ya wagonjwa wa Kivietinamu. Alikuwa na miaka 25. Wengine saba walikufa kwa ajali za ndege au maradhi. Walimu wa wanawake kama hao walibaki nyuma na orodha za majina, wakafungua darasa jingine Jumatatu.

Mwaka 1970, tarehe 11 Juni, Anna Mae Hays, aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa jeshi, akawa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuwa majenerali nchini Marekani. Yeye ndiye aliyetangulia siku hiyo. Huyu naye alikuwa ameuguza askari kwenye misitu ya Ledo, kaskazini mashariki mwa India, wakati wa vita vya pili, na baadaye Korea. Nikiulizwa nyota yake ilifanya nini, sitataja sherehe. Nitataja mimba. Siku zile afisa wa kike aliyeshika mimba, hata akiwa na ndoa halali, alitolewa jeshini. Muuguzi aliyefunzwa kwa miaka kumi, mwenye mikono ambayo huwezi kuinunua dukani, anapewa barua ya kwenda nyumbani kwa sababu Mungu amempa mtoto. Hays alisimama juu ya jambo hilo akataka libadilishwe, na katika miaka ya 1970 likabadilika. Waliofaidika wengi hawajui hata jina lake.

Kwetu Kenya mambo yalikuwa na dari zake. Mpaka mwaka 1999 wanawake wa jeshi walikuwa katika kikosi chao cha peke yao, mbali na wanaume, na ngazi yao ya kupanda ilikuwa fupi. Kikosi hicho kilipovunjwa, wakaingia kwenye ngazi moja na wengine. Fatuma Gaiti Ahmed, aliyejiunga mwaka 1983, alifika Brigedia mwaka 2015, Meja Jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akapewa jeshi lote la anga. Si muuguzi, lakini siku alipoapishwa shangazi alipika pilau akaita majirani.

Mwaka 1979 ndipo Hazel Johnson alipopata nyota na ukuu wa Kikosi cha Wauguzi. Mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jenerali katika jeshi la nchi kavu la Marekani, na mkuu wa kwanza mweusi wa kikosi kile. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza chuo cha uuguzi cha Walter Reed, kisha akawa mkuu wa wauguzi katika hospitali ya jeshi la Marekani jijini Seoul. Sasa chini yake walikuwa wauguzi 7,000, hospitali kuu 8, hospitali nyingine 56 na zahanati 143. Alipoulizwa habari za rangi yake alijibu kwamba anatumaini walimchagua kwa uwezo. Ile shule iliyomkataa ilikuwa umbali mfupi tu kutoka shamba la baba yake.

Mtu akisikia wauguzi 7,000 huona heshima na saluti. Mimi naona jambo jingine, na nalijua kwa kumtazama shangazi: mikono inaachishwa kazi. Kadiri sista anavyopanda, ndivyo anavyosogea mbali na kitanda. Anaanza na wagonjwa sita, anapewa wadi, anapewa zamu za wadi nne, anapewa ghala la dawa na bajeti, mwishowe anauguza karatasi. Anapigania nafasi za masomo, anaamua nani ahamie wapi, anasoma ripoti ya makosa, anaandika barua kwa familia. Ule ujuzi wa kutafuta mshipa gizani kwa kidole tu, alioupata kwa miaka, unakaa bila kutumika. Hakuna anayempigia makofi kwa sababu wadi ya pili kulia ina wauguzi watatu usiku badala ya mmoja, ingawa hao wawili walioongezeka ndio waliomwona mgonjwa akibadilika saa tisa usiku.

Hadithi ya shangazi kuhusu jambo hili ni ya tarehe 7 Agosti 1998, siku bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu hivi asubuhi. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu waliumia, wengi machoni, kwa kuwa kishindo cha kwanza kiliwavuta madirishani na mlipuko mkubwa ukawakuta wamekaza uso kwenye vioo. Magari yalipoanza kufika kwenye hospitali aliyokuwa, shangazi, Kapteni wakati ule, aliambiwa asimame mlangoni kuwapanga majeruhi.

Kuwapanga majeruhi ni kazi inayoelezeka kwa sentensi mbili. Wa nyekundu wanaingia sasa, maana watakufa wakingoja na wataishi wakitibiwa. Wa manjano wanaweza kungoja, wa kijani wanatembea wenyewe, na wa nyeusi ni waliokwisha kufa au ambao juhudi zako zote hazitawafikia. Kuifanya ndiko kusikoelezeka. Anayepiga kelele zaidi mara nyingi si wa nyekundu, kwa kuwa anayepiga kelele anapumua. Wa nyekundu yuko kimya, anageuka rangi ya jivu, jasho la baridi. Inabidi umpite mama anayelia na damu usoni umfuate kijana aliyekaa ukutani ametulia kama anayengoja matatu.

"Nilikuwa na mikono miwili," shangazi aliniambia, "nikaifunga nyuma ya mgongo, hivi." Akanionesha, vidole vimeshikana kiunoni kama askari aliyesimama wima. Alijua kwamba akiinama kumfunga mtu mmoja kidonda, hata mara moja, mstari wote utasimama na mwingine atafia kwenye gari. Alisimama vile mpaka jioni, anatazama, anagusa shingo kwa vidole viwili kusikia mapigo, anataja rangi, anakwenda kwa mwingine. Kuna binti mmoja aliyemshika sketi akamwita mama. Alikuwa wa manjano. Akamtoa vidole kimoja kimoja, akasema, "Ngoja mwanangu," akaendelea. Binti yule aliishi. Alimtafuta wadini baada ya siku tatu akamwona. Lakini aliponisimulia, miaka mingi baadaye, bado alikuwa akiitazama sketi yake pale aliposhikwa.

Nilimuuliza kama angekuwa na nafasi ya kuchagua angekaa mlangoni au ndani na sindano. Akasema kila muuguzi angependa awe ndani. Mlangoni anawekwa yule ambaye neno lake halitabishiwa, na siku ile hapakuwa na wakati wa kubishana.

Kuna jambo la Hazel ambalo sijakubaliana nalo lote, na nitalisema kwa kuwa nampenda. Alisimamia kwa nguvu kwamba muuguzi afisa awe na digrii, na jeshi la Marekani hadi leo halimpi muuguzi cheo cha afisa bila digrii. Naelewa sababu. Alikuwa amekaa kwenye vyumba vya maamuzi na kuona wanaosikilizwa ni waliosoma kiasi gani, akataka wauguzi wake waingie vyumba hivyo wakiwa sawa na wengine. Yeye mwenyewe alianza na diploma na hakumdai mtu jambo ambalo hakulifanya. Lakini mimi nimelelewa kazini na wauguzi wa cheti. Shangazi alianza na cheti. Mkunga aliyenifundisha kugeuza mtoto aliyekaa vibaya kwa mikono mitupu hakuwa na karatasi ya chuo kikuu, na siku alipostaafu wadi ilitetereka. Mahali ambapo ada ya chuo ni sawa na ng'ombe wote wa baba, kanuni ya digrii inaweza kumfungia nje yule yule binti wa shambani ambaye Hazel alikuwa. Ninachokubaliana naye kwa moyo wote ni namna alivyopigania nafasi za masomo na ufadhili, ili anayetaka kupanda apewe ngazi. Ukiweka kanuni bila ngazi, umejenga ukuta tu.

Alistaafu mwaka 1983. Angeweza kukaa nyumbani na medali zake. Alikwenda kufundisha, akawa profesa Chuo Kikuu cha George Mason huko Virginia, akisomesha wauguzi namna sera za afya zinavyotungwa. Alifariki Agosti 2011 akiwa na miaka 83, na amezikwa Arlington, makaburi ya jeshi. Mwaka huo huo wa 2011 muuguzi mwingine, Patricia Horoho, aliapishwa kuwa mkuu wa tiba wa jeshi zima la nchi kavu la Marekani, nafasi ambayo kabla yake hakuwahi kuishika muuguzi wala mwanamke.

Shangazi naye amestaafu. Yuko Likoni, anafuga kuku, magoti yanamsumbua. Picha ile ameitoa kwenye kasha akanipa mimi, nami nimeiwekea fremu. Imetundikwa kwenye chumba ninachofundishia, kwa sababu miaka sita sasa nimeondoka kwenye meza ya thieta na kuwafundisha vijana wa uuguzi kazi ya thieta. Mikono yangu nami imeanza kusahau. Juzi nilitaka kumwonesha mwanafunzi namna ya kutia uzi kwenye sindano ya mpasuaji nikiwa na glavu mbili, nikashangaa imenichukua muda.

Somo la kwanza kabisa sifundishi vyombo. Nawaingiza thieta tupu, jioni, kazi ikiwa imekwisha. Nasimama mimi mahali pa daktari, nimeshika koleo, nimevaa kofia na barakoa. Mwanafunzi anasimama ubaoni na hesabu: 20 vilivyofunguliwa, 19 vilivyorudi. Namwambia, nipe uzi. Kazi yake ni kuninyima, na kusema kwa sauti itakayofika mlangoni: "Daktari, simama. Hesabu haijatimia. Hatufungi."

Karibu wote mara ya kwanza wananipa uzi. Wanaujua mchezo, wameelezwa, na bado mkono unakwenda wenyewe. Mwezi uliopita alikuwapo binti mmoja wa Kilifi, mpole, anayezungumza huku ametazama chini. Mara ya kwanza alinipa uzi. Mara ya pili alisema maneno yote lakini niliyasikia mimi peke yangu. Nikamwambia aifunge mikono nyuma ya mgongo, vidole vishikane kiunoni, kichwa juu, kisha anitazame machoni. Nikanyoosha mkono tena kuomba uzi. Akavuta pumzi, na sauti iliyotoka hata yeye hakuitambua. Bibi anayesafisha ukumbi alifungua mlango akasimama na ufagio mkononi, anatuangalia mmoja mmoja, anauliza nani ameumia.